Nilimpa Mkwe Wangu Jina la Mnyonya Damu

Mliokuwa nami Jumapili iliyopita mtakumbuka nilivyotoka Kendu Bay: kibanda changu cha sinema kimeteketezwa, mke wangu Dolphine amekwenda zake na yuleyule aliyekiteketeza, na mimi Fanuel nimebaki na maikrofoni moja, flashi moja ya sinema na jino moja pungufu. Mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza, poleni, mmeingia matanga yakiwa katikati.

Niliangukia Ogwedhi, huku Uriri, mpakani na Narok, kwenye soko la mifugo. Mtu akishauza ng'ombe wake hutaka kuketi kivulini aone watu wengine wakipigana bila yeye kuumia. Nikakodi banda la mabati karibu na mazizi, nikatundika televisheni, nikafunga spika juu ya paa ili hata aliye mnadani ajue kuna kitu kinaendelea.

Kazi yangu ni kutafsiri sinema, na kwa hiyo watu wananiita Dijei. Nazima sauti ya Wachina na wazungu, naweka yangu. Mjaluo anataka Kijaluo, Mkuria anataka Kikuria, Mmasai anataka Kimasai, basi mimi natumia Kiswahili na wote wananilaumu sawasawa.

Tena katika sinema zangu hakuna mtu mwenye jina la kigeni. Majina hayo hayakai kichwani mwa mchunga ng'ombe. Mimi nawapa watu wa kwenye sinema majina ya wateja walioketi mbele yangu. Ukiwahi kuingia unachagua mwenyewe: staringi, adui, polisi au maiti. Watu wameshikana mashati wakigombea kuwa staringi, kwa sababu staringi hafi.

Hapo ndipo balaa langu lilipoanzia, na wakati huo lilikuwa likinilisha vizuri tu.

Siku ya soko ninayowaambia nilionyesha sinema tatu. Kwangu kuna sheria: hakuna anayetoka kabla hajasema alivyoiona sinema. Napitisha maikrofoni na kila mtu anatoa yake ya moyoni.

Ya kwanza ilikuwa ya karate. Omondi, dalali wa ng'ombe kutoka Awendo, pande la mtu, alinipokonya maikrofoni kabla sijasema lolote.

"Omera, hii ni uongo. Mtu moja anapiga watu arobaini na jasho haitoki? Hata shati haitoki kwa suruali! Mimi nikipiga watu wawili tu natafuta maji."

Ya pili ilikuwa ya Nigeria, mama mkwe anamroga mke wa mwanawe. Helen, msichana aliyeuza chai na mandazi mlangoni kwangu, alikataa hata kushika maikrofoni.

"Mimi hiyo sitaki tena," akapaza sauti. "Hiyo si sinema. Hiyo ni kwetu."

Tukacheka hadi mabati yakalia. Ndipo nikaweka ya tatu, ya mnyonya damu.

Mnyonya damu mwenyewe ni mzee wa kizungu, mweupe kama unga wa muhogo, analala ndani ya jeneza, na akiamka anafyonza watu shingoni. Alipotoa meno yake kwenye skrini nikasimamisha picha.

"Huyu ndiye adui," nikasema. "Nani anataka kuwa huyu?"

Hakuna Mkristo aliyetaka. Kisha fimbo ikainuka mstari wa mbele.

"Nipe mimi," akasema Mzee Mirumbe.

Banda zima likaangua kicheko. Mirumbe alikuwa Mkuria mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, tena alikuwa baba yake Nyangi. Na Nyangi ndiye aliyenikubali, mimi mwanamume wa jino pungufu. Mzee alikuwa ameshasema watu wangu waje kutoka Kendu Bay tukae tuzungumze mambo ya mahari. Nilikuwa nimebakiza hatua moja tu niwe mtu tena mbele ya watu. Ningemnyimaje mkwe wangu jina alilolitaka?

"Na staringi?"

"Mimi!" Omondi alikuwa ameshasimama.

"Na huyu mrembo anayepiga mayowe?"

"Mpe Helen!" watu wakasema, na Helen akainua birika lake la chai juu, amekubali.

Nikamtazama Nyangi, ameketi kando ya baba yake. "Na wewe?"

"Mimi sitaki jina," akasema. "Mimi naangalia tu."

Basi nikatafsiri, na siku ile nilitafsiri kweli. Mirumbe akaingia kwa Helen kupitia dirishani, akamtoboa shingo mashimo mawili, akafyonza. Omondi akapiga magoti kando ya kitanda, na mimi nikamsemea: "Helen, mpenzi wangu, bila wewe sili, silali. Helen, wewe ndiye chai yangu ya asubuhi. Naapa mbele ya watu wote hawa!" Vijana wakapiga miluzi. Spika ziko juu ya paa, kwa hiyo soko zima lilinisikia nikimwita Helen mpenzi.

Omondi alipomkamata Mirumbe na kumfunga kamba, nikazima televisheni.

"Aaa! Dijei! Malizia!"

"Mwisho ni soko lijalo," nikasema. Hivyo ndivyo ninavyowarudisha wateja.

Maikrofoni ikaenda kwa Mzee Mirumbe. Aliishika mbali kidogo na mdomo, akatoa maoni yake taratibu.

"Huyu mzungu hajui kukunywa. Anamwaga, damu yote inaenda kwa shati. Sisi ng'ombe tunafunga shingo na kamba, mshipa inasimama, unapiga na mshale fupi yenye imezungushwa kamba hapa mbele isiingie ndani sana. Unakinga na kibuyu. Ukimaliza unaziba na mavi ya ng'ombe, na jioni ng'ombe anakula majani. Huyu anaua. Mtu anaua mahali anakula, huyo ni mjinga."

Wazee wa Kikuria na Wamasai wakampigia makofi. Vijana wa Awendo wakatazamana.

"Kwa hivyo wewe unakunywa?" Omondi akauliza.

"Tangu nikiwa mtoto. Ya ng'ombe, na maziwa."

"Aah," akasema Omondi, akakaa. Sikuipenda ile "aah" yake, lakini nilikuwa nimeshaanza kukunja nyaya.

Asubuhi ya soko lililofuata nilikuwa juu ya paa nakaza spika niliposikia mayowe kutoka mazizini. Nikageuka. Watu walikuwa wakikimbia wakiwa na marungu, wengine na mawe, na katikati ya duara nikamwona Mzee Mirumbe amepiga magoti, kofia imemtoka. Omondi alimshika ukosi kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine alikuwa akimpiga mdomoni, palepale, palepale, bila haraka.

Niliruka kutoka juu ya paa, nikajipenyeza.

"Omondi! Kuna nini?"

"Helen amekufa!" mama mmoja akanilipukia usoni. "Ametobolewa shingo! Mashimo mawili, Dijei! Mawili, vile tu ulituonyesha!"

Wakaniambia vipande vipande, kila mtu na chake. Helen alikutwa nyuma ya mazizi. Mirumbe alikuwa amemwinamia, mikono myekundu hadi viwikoni, mshale wake mfupi kando, anamsokomeza mavi ya ng'ombe shingoni. Helen hakuwa akitikisika, wakampakia kwenye bodaboda kwenda dispensari ili angalau asilale chini. Na pale alipolala hapakuwa na damu. Yote ilikuwa imefyonzwa!

Udongo wa zizi unakunywa kila kitu, hata mvua ya masika. Nilijaribu kusema hivyo, nikapigwa kofi la kisogo na mtu ambaye mpaka leo simjui.

Nikamwinamia mkwe wangu. "Mzee, waambie. Waambie ulimkuta tu, ukajaribu kumsaidia."

Alinitazama kwa jicho moja. Lile jingine lilikuwa limeshafumba.

"Ni mimi," akasema.

"Mzee!"

"Ni mimi nilimpiga na mshale. Hakuna mtu ingine."

Rungu likashuka. Nikasikia mfupa wa bega ukivunjika, kile kishindo kidogo kikavu. Likashuka tena, mgongoni, kisha mtu akampiga teke la mbavu lililomlaza kifudifudi. Mirumbe hakulia. Alihema tu kwa nguvu puani, mavumbi yakaruka. Na kule kutolia kwake kukawatia hofu kuliko damu.

"Mmeona? Halii!"

"Mtu wa kawaida angelia!"

"Leteni petroli!"

Nilimlalia. Nawaambieni ukweli, si kwa ushujaa, miguu iliniishia tu nikamwangukia. Nikala mateke yaliyokuwa yake, mdomo ukapasuka, nikaonja damu yangu mwenyewe. Nyangi alitokea katikati ya watu, akajitupa juu yetu sote wawili, akang'ang'ania shati la baba yake. Wakamvuta kwa nywele, asiachilie. Tairi lililetwa likiviringishwa. Harufu ya petroli ikanifikia kabla sijaona mtungi.

Omondi akainua mkono.

"Ngoja! Ngoja kwanza! Mkichoma hii kitu vibaya itarudi. Tumempiga na kila kitu na hafi. Iko na dawa yake." Akaninyanyua kwa kola. "Wuod Kendu, kijana wa Kendu, wewe umeona mwisho ya ile sinema. Alikufa na nini?"

Marungu yakatulia. Nyuso zote zikanitazama, na nyingine zilikuwa za watu waliokunywa chai nami jana yake.

Nilijua jibu. Katika sinema ile mnyonya damu anauawa kwa mti uliochongwa, unaopigiliwa moyoni. Nikitamka maneno hayo mkwe wangu amekwisha. Nikisema hafi, watajaribu dawa zote moja baada ya nyingine. Nikasema kitu pekee ninachojua kusema katika maisha haya.

"Siwezi kuwaambia kwa mdomo. Lazima muone. Mkikosea kitu kimoja tu ataamka, na ataanza na watoto wenu."

Wakaniamini! Jamani, waliniamini. Wakambeba mzee msobemsobe hadi bandani, wakamfunga kwa kamba ya ng'ombe kwenye nguzo iliyo chini ya televisheni, ili yule wa kwenye skrini na huyu wa chini waonekane pamoja. Jenereta likawashwa. Watu wakajaa hadi mlangoni, mtungi wa petroli umewekwa mstari wa mbele, pale alipokuwa akiketi Mirumbe.

Nyangi alipiga magoti karibu na baba yake, anampangusa damu kwa kanga. Hakuwa akilia hata yeye. Nilipopita kuchukua maikrofoni akaninong'oneza, "Fanuel, ongea polepole."

Nikawasha.

Kwenye skrini Omondi wa sinema alikuwa akichonga mti. Ningetafsiri nini? Walikuwa na macho.

"Omondi anachonga mti," nikasema.

Omondi wa kweli akamwashiria mtu mmoja. Yule mtu akatoa panga, akageuza benchi langu, akaanza kuchonga mguu wake. Vipande vya mbao vilikuwa vikiruka hadi kwenye viatu vyangu huku natafsiri.

Mzungu mzee aliyefungwa akafungua mdomo. Anachosema kwenye sinema ni matusi na laana. Nikavuta pumzi.

"Mirumbe anasema: Omondi, ngoja. Hujui kwa nini namfyonza huyu msichana. Helen ameumwa na nyoka. Sumu iko shingoni, na mimi naitoa."

Panga likasimama.

"Ati nyoka? Nyoka gani?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Sisi hatukuona nyoka!"

"Ilikuwa mwanzo kabisa, mkigombea viti!" nikamjia juu. "Hapa ndani hakuna mtu aliyewahi kuumwa na nyoka akafyonzwa?"

Mzee mmoja akainua mkono. "Mimi. Hapa kwa mguu. Mama yangu alifyonza, akatema."

"Alikuwa mnyonya damu, mama yako?"

"Ah, wapi! Alikuwa mama ya kanisa."

Minong'ono ikaenea. Nikaona mama mmoja ameshika mdomo. Kwenye skrini Omondi akainua mti wake uliochongoka na nyundo, na mimi nikampa Mirumbe sauti ya mtu anayesihi kwa ajili ya mwingine. "Niue, Omondi, lakini ukiniua nani atamtolea sumu iliyobaki?" Nyundo ikashuka. Mti ukaingia. Damu ikaruka hadi kwenye kioo cha kamera, na yule mzee akageuka majivu.

"Yesu!" mama mmoja akalia. "Wamemuua bure!"

"Bure kabisa," nikasema. Machozi yalikuwa yananitoka, na sikuwa naigiza.

Msichana wa sinema akafumbua macho. Staringi akamkumbatia. Nilijua kinachofuata, nilikuwa nimekitazama peke yangu mara kadhaa na kila mara kilinisisimua: kamera inazunguka polepole nyuma ya bega la msichana, inamwonyesha staringi akitabasamu, na meno yake ni marefu.

"Na nyoka mwenyewe ni nani?" nikapaza sauti. "Muoneni nyoka!"

Tabasamu likatokea. Meno yakatokea. Banda zima likashusha pumzi kwa pamoja.

Na hapo, ndugu msomaji, nilikuwa na nafasi. Ningeweza kumbadilishia jina yule staringi. Ningesema ni shetani, ni mzungu tu fulani, ni nani sijui. Jina liko mdomoni mwangu, siku zote ni mimi ninayegawa majina. Nikamtazama Nyangi amekumbatia magoti ya baba yake, nikafunga mdomo.

"Staringi ni nani?" mtu akauliza.

"Si ni Omondi?"

"Ni Omondi! Alijichagua mwenyewe!"

Vichwa vikageuka. Omondi akacheka kidogo, akarudi hatua moja nyuma.

"Wee, watu wangu, hii ni sinema..."

Hakumaliza. Mguu wa benchi, uleule alioagiza uchongwe, ulimpata kwenye meno.

"Ndiyo maana alikuwa anakimbiza watu wapige!"

"Alikuwa anaficha!"

"Na Helen alikuwa anamkataa kila soko!"

Wakamburuta nje wakimvuta miguu, kichwa kikigonga kizingiti. Mtungi wa petroli ukaenda nao. Mimi sikutoka. Niliona kwa masikio. Nilisikia mwili wake ukitupwa kwenye mabati, ukuta ukajikunja kwa ndani, ukatupwa tena. Nikasikia rungu juu ya nyama, kisha rungu juu ya mfupa, ni milio miwili tofauti na sasa naijua. Damu ikapenya chini ya mabati, ikaja taratibu kwenye sakafu ya udongo.

"Fanuel!" alikuwa akiita. "Fanuel, waambie! Wewe ni ndugu yangu! Waambie ni sinema!"

Maikrofoni ilikuwa mkononi, inawaka. Neno moja, na soko zima lingelisikia. Nikaitupa juu ya benchi la mbali, nikaanza kufungua kamba za mkwe wangu.

"Tumepona, Mzee," nikasema. "Tutakutoa kwa nyuma. Tumepona."

Mirumbe alitema damu na kipande cha jino. "Kwa nini umewapa yule kijana?"

"Alitaka kukuua!"

"Mimi nilikuwa nataka wamalize," akasema. "Wakimaliza na mimi, hakuna mtu atauliza tena."

"Atauliza nini?"

Alimtazama binti yake. Lile jicho moja lililobaki lilimtazama kwa upole mwingi hata mikono yangu ikasimama kwenye fundo.

"Mzee, mshale ulikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwache Tata," akasema Nyangi. "Amechoka." Akasimama. Kwenye ukingo wa kanga yake kulikuwa na doa kavu, jeusi, si lile bichi la damu ya baba yake. "Wiki mzima watu wananiuliza kama nilisikia vile unamwita Helen kwa spika. Mpaka watoto wa kuuza maji wananiimbia. Chai ya asubuhi, chai ya asubuhi."

"Ilikuwa sinema, Nyangi! Yule alikuwa Omondi anasema!"

"Sauti ilikuwa ya nani?"

Nikarudi kwenye fundo la kamba.

"Nilienda tu kumuuliza," akaendelea. "Alikuwa anawasha moto yake, nyuma ya mazizi. Akanicheka. Akasema uliapa mbele ya watu wote, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo nasikia. Mshale ya Tata ilikuwa kwa mkono, tulikuwa tumetoka kutoa ng'ombe damu."

"Mara mbili, Nyangi?"

"Ya kwanza hakunyamaza."

Niliogopa. Nawaambieni kama nilivyo, niliogopa mwanamke niliyetaka kumwoa kuliko nilivyoogopa marungu yote ya asubuhi ile. Na bado nilimpenda, sikumpenda hata punje moja pungufu ya jana, na hilo likaniogofya zaidi. Huko nje Omondi alikuwa ameacha kuniita jina. Sasa alikuwa anaguna tu kila anapopigwa.

Kisha hata kuguna kukakoma. Kila kitu kikakoma. Nikadhani amekufa, nikafumba macho.

Honi ya bodaboda ikalia.

"Helen!" mtu akapiga kelele. "Helen yuko hai! Jamani, Helen huyu hapa!"

Nikakimbilia tundu la mabati. Bodaboda ilikuwa inapita kati ya watu taratibu, na Helen ameketi katikati ya watu wawili wanaomshikilia, shingo yote imefungwa bendeji nyeupe, uso hauna rangi. Mshale uliozungushwa kamba hauingii ndani sana, na mavi ya ng'ombe yalikuwa yameziba damu. Mzee alikuwa amemtibu kama anavyotibu ng'ombe wake, na msichana akaamka.

Omondi alilala miguuni pa ile bodaboda. Uso haukuwa uso tena. Mguu mmoja ulikuwa bado unachezacheza, na petroli ilikuwa imeshamwagwa juu ya shati lake. Kiberiti kilikuwa mkononi mwa mtu.

"Ni huyu?" wakamuuliza Helen. "Sema tu, ni huyu?"

Hakuweza kusema, koo lilikuwa limefungwa. Akamtazama Omondi kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Hapana.

"Basi ni nani? Tuonyeshe kwa mkono!"

Nyuma yangu nikasikia hatua za Nyangi. Alikuwa ameokota maikrofoni kwenye benchi. Akanitia mkononi, akafunga vidole vyangu kwa vidole vyake, vilikuwa bado vinanata, akasogeza mdomo karibu na sikio langu.

"Fanuel," akasema. "Waambie mwisho mwingine."

Maneno yale yakanirudia kutoka juu ya paa, makubwa, yakaenda hadi mnadani na mazizini. Waambie mwisho mwingine. Sikuwa nimeizima ile maikrofoni.

Watu wote wakageuka kutazama banda langu, na mkono wa Helen ukaanza kuinuka.